Kichupa kimeandikwa 1 mg: niweke maji kiasi gani?

Kila kundi jipya la wanafunzi wa atachmenti likiripoti kwenye maabara za huku Kisumu, wawe wametoka Maseno, Masinde Muliro au Egerton, swali la wiki ya kwanza ni lile lile. Mtu ameshika kichupa cha peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino), unga mweupe usioonekana vizuri, lebo inasema 1 mg, naye anauliza: "Niweke maji kiasi gani?" Ukimjibu "mililita moja" atashukuru na kwenda zake, na pengine atakuwa amekosea kwa asilimia kumi na ushei kabla hajafungua kizibo.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya, mtoto wa darasa la saba anaiweza. Kinachoharibu kazi ni mambo mawili: kuchanganya vipimo (mg na µg, mL na µL), na kuanza na uzito ambao si wa peptidi. Ukiyashika hayo mawili, yaliyobaki ni mazoea ya mkono.

Jambo moja kwanza. Mwongozo huu ni wa kazi ya benchi: ELISA (kipimo cha kingamwili kwenye sahani ya visima), seli, majaribio ya kuua bakteria na kadhalika. Kama umefika hapa kwa sababu umenunua kichupa mtandaoni ili ujidunge upunguze uzito au ujenge misuli, hesabu hizi hazikuhusu. Peptidi iliyoandikwa "kwa utafiti tu" haijahakikishwa kuwa haina vijidudu wala sumu za bakteria, na Bodi ya Famasia na Sumu haijaisajili kama dawa. Muone daktari.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Kichupa cha peptidi pamoja na cheti cha uchambuzi cha shehena hiyo hiyo. Linganisha namba ya shehena ya cheti na ya kichupa. Cheti cha mwaka jana si cha kichupa hiki.
- Mfuatano kamili wa asidi amino za peptidi, pamoja na mabadiliko yoyote ya ncha zake (asetili, amidi, biotini).
- Maji safi ya maabara ya daraja la juu kabisa, yale yenye ukinzani wa megaohm-sentimita 18.2. Maji ya betri ya stesheni ya petroli si mbadala, wala maji ya chupa ya dukani. Walio Nakuru wanajua habari ya floraidi kwenye maji ya visima. Usiyakaribishe kwenye jaribio lako.
- DMSO safi (kiyeyushi cha peptidi zinazokataa maji) na asidi asetiki ya 10%, zikae karibu hata kama hutazihitaji.
- Pipeti za P20, P200 na P1000 (namba ni mikrolita za juu kabisa inazobeba) zilizopimwa usahihi karibuni, na ncha zake.
- Sentrifuji ndogo, voteksi (mashine ya kutikisa tyubu), tyubu za 0.5 mL zisizonasa protini, kalamu isiyofutika.
- Kikokotoo cha kawaida na daftari. Vikokotoo vya mtandaoni vipo na ni vizuri, lakini fanya hesabu kwa mkono kwanza, kisha utumie cha mtandaoni kuikagua.

Kama huna uhakika na pipeti, weka chombo kwenye mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, uweke mikrolita 1000 za maji. Unapaswa kusoma karibu gramu 1.00 (kwa nyuzi 25 ni 0.997). Ikisoma 0.96, pipeti hiyo ipelekwe ikatengenezwe, isiguse peptidi ya mtu.

Vipimo, kwa ufupi

1 mg ni µg 1000. 1 mL ni µL 1000. Kwa hiyo 1 mg/mL ni sawa kabisa na 1 µg/µL. Sentensi hiyo iandike ukutani juu ya benchi yako, itakuokoa kuliko fomula yoyote.

Moli ni kipimo cha idadi ya molekuli. Ukiwa na mg/mL na uzito wa molekuli, ukolezi wa milimola kwa lita (mM) ni: (mg/mL ÷ uzito wa molekuli) × 1000. Basi, nadharia imeisha.

Hatua ya 1: Soma cheti, andika namba zote

Mfano nitakaoutumia hapa ni peptidi inayojulikana sana ukanda huu wa ziwa: (NANP)6. Ni kipande cha asparajini, alanini, asparajini na prolini kinachojirudia mara sita, asidi amino 24 kwa jumla. Kinatoka kwenye protini inayofunika kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum kinapoingia mwilini kutoka kwa mbu, nayo ndiyo protini inayolengwa na chanjo ya RTS,S iliyozinduliwa Kenya huko Homa Bay mwaka 2019. Anayepima kingamwili za chanjo hiyo kwa ELISA hukutana na NANP mapema sana.

Uzito wake wa molekuli ni 2396.4. Usikubali namba hii kwa sababu tu nimeiandika. Asparajini ikiwa ndani ya mnyororo ni 114.10, alanini 71.08, prolini 97.12. Jumla ya N+A+N+P ni 396.40. Zidisha kwa 6 upate 2378.4, ongeza 18.02 ya molekuli ya maji inayobaki kwenye ncha mbili, unafika 2396.4. Fanya hivyo kwa kila peptidi mpya. Ukipata tofauti na cheti, kuna mabadiliko ya ncha ambayo hukuyaona. Biotini huongeza karibu 226, asetili 42, amidi hupunguza karibu 1.

Tuseme kichupa chetu kina 1 mg, usafi uliopimwa kwa HPLC (mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye sampuli) ni 95%, na kiasi halisi cha peptidi ni 88%.

Hatua ya 2: Tafuta uzito halisi wa peptidi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ule unga si peptidi tupu. Ndani yake kuna maji yaliyonaswa na kuna chumvi, mara nyingi ya TFA (asidi ya trifluoroasetiki) iliyotumika kiwandani kusafishia. Ukinunua omena (dagaa) ufukweni Dunga kwa gorogoro (mkebe wa kupimia), mchanga nao umepimwa humo humo. "Kiasi halisi cha peptidi" kinakuambia samaki ni asilimia ngapi ya kilichomo kwenye gorogoro. "Usafi" ni swali lingine kabisa: kati ya samaki hao, wangapi ni omena na wangapi ni fulu, samaki wengine wadogo wa ziwani. Kwa hiyo kichupa chenye usafi wa 98% kinaweza kabisa kuwa na peptidi 75% tu ya uzito wake, na hakuna aliyekudanganya.

Hesabu:

1 mg × 0.88 = 0.88 mg ya peptidi.

Je, uzidishe tena kwa usafi? Ukifanya hivyo unapata 0.88 × 0.95 = 0.836 mg. Kwa kazi nyingi za kawaida maabara husimamia kwenye kiasi halisi tu, kwa sababu uchafu mwingi ni peptidi zilizokatika au kukosa asidi amino moja. Mimi naona uchague njia moja, uiandike daftarini, na usiibadilishe katikati ya mradi. Matokeo ya Januari na ya Juni yakitumia kanuni mbili, hakuna atakayeweza kuyalinganisha.

Na kama cheti hakitaji kiasi halisi? Mwandikie muuzaji umuulize. Unaposubiri jibu, unaweza kukadiria. Hesabu sehemu zenye chaji chanya: kila lisini, arijinini na histidini, ongeza moja ya ncha ya amino kama haijafungwa. Kila moja hubeba TFA moja yenye uzito wa 114. (NANP)6 haina lisini wala arijinini wala histidini, kwa hiyo ni TFA moja tu: 2396.4 ÷ (2396.4 + 114) = 95%. Sasa itazame LL-37, peptidi ya kinga ya binadamu inayoua bakteria. Uzito wake ni 4493.3 na ina lisini 6 na arijinini 5. Ukiongeza ncha ni TFA 12, yaani 1368. 4493.3 ÷ 5861.3 ni 77%. Na hapo maji hayajahesabiwa. Peptidi zenye chaji nyingi chanya ndizo zinazoficha "mchanga" mwingi zaidi, na kwa bahati mbaya ndizo watu wa bakteria wanazotumia sana.

Onyo: baadhi ya wauzaji huuza kwa uzito halisi, yaani wameshaondoa chumvi na maji kwenye hesabu zao. Soma lebo. Ukisahihisha mara mbili umekosea kwa kiwango kile kile, upande wa pili.

Onyo jingine: ukitumia uzito halisi, tumia uzito wa molekuli wa peptidi peke yake. Usichukue uzito wa molekuli uliojumlisha TFA ukaugawanya kwa uzito halisi. Ama vyote viwili vina chumvi, ama vyote havina.

Hatua ya 3: Chagua ukolezi, kokotoa ujazo

Myeyusho wa akiba uwe mkali vya kutosha ili baadaye uuzimue mara kumi hadi mia kadhaa. 1 mg/mL ni mwanzo mzuri kwa kazi nyingi za maji.

Kwa mg/mL:

ujazo (mL) = uzito halisi (mg) ÷ ukolezi unaotaka (mg/mL)

0.88 ÷ 1 = 0.88 mL, yaani µL 880.

Hilo ndilo jibu la swali la kichwa. Ukiweka µL 1000 unapata 0.88 mg/mL. Si dhambi hiyo, mradi uandike 0.88 kwenye tyubu na si 1. Watu wengine hupenda kuweka ujazo mzima mzima halafu wakabeba ukolezi wenye desimali. Ni sawa, ila kila hesabu ya mbele itakuwa na desimali hizo, na saa kumi na moja jioni ubongo hauzipendi.

Kwa milimola:

ujazo (µL) = uzito halisi (µg) × 1000 ÷ (uzito wa molekuli × mM unayotaka)

Tukitaka 1 mM: 880 × 1000 ÷ (2396.4 × 1) = µL 367.

Kagua kwa kurudi nyuma: 0.88 mg ndani ya 0.367 mL ni 2.40 mg/mL. Peptidi ya 2396.4 ikiwa 1 mM ni 2.396 mg/mL. Zimekutana. Usipopata namba inayokutana, usifungue kichupa bado.

Wanaouliza kama unga wenyewe unaongeza ujazo: 1 mg ya peptidi inachukua chini ya µL 1. Achana nayo.

Hatua ya 4: Chagua kiyeyushi kabla, si baada

Hesabu chaji za mfuatano. Lisini, arijinini, histidini na ncha ya amino ni +1 kila moja. Aspateti, glutameti na ncha ya kaboksili ni −1 kila moja. Jumlisha.

Jumla ikiwa chanya: anza na maji. Ikikataa, asidi asetiki ya 10%. Ikiwa hasi: anza na maji, ikikataa tumia ammoniamu baikaboneti ya 0.1 M. Ikiwa sifuri na mfuatano umejaa asidi amino zinazochukia maji (lusini, isolusini, valini, fenilalanini, triptofani): DMSO kidogo kwanza, kisha maji au bafa (myeyusho unaoshikilia pH) polepole. (NANP)6 ina jumla ya sifuri lakini nusu yake ni asparajini inayopenda maji, kwa hiyo hukubali maji bila matatizo. Kanuni hizi ni za kuanzia, peptidi yenyewe ndiyo yenye neno la mwisho.

Ukiwa na sisteini au methionini, epuka DMSO, kwa kuwa huzioksidisha. DMF, kiyeyushi kingine, ndiyo huchukua nafasi yake, ikiwa jaribio lako linaivumilia. Na usianze na PBS (bafa ya fosfeti yenye chumvi): chumvi zake hufanya baadhi ya peptidi zigandamane mapema. Yeyusha kwanza, PBS ije wakati wa kuzimua.

Walio Njoro na Molo: DMSO huganda chini ya nyuzi 18.5. Asubuhi ya baridi utaikuta imekuwa barafu kwenye chupa. Haijaharibika. Iache ipate joto, tikisa, endelea.

Hatua ya 5: Acha kichupa kipate joto, kisha kizungushe

Toa kichupa kwenye friza, kiweke kwenye desiketa (chombo kisichoingiza unyevu) yenye silika jeli au mfuko uliofungwa, subiri nusu saa hadi saa nzima. Usikifungue kikiwa baridi. Hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, na unga baridi huunyonya papo hapo. Unyevu huo unaongeza uzito usio wa peptidi na unafupisha maisha ya kile utakachokibakisha.

Kisha kizungushe kwenye sentrifuji dakika moja hivi, kwa kasi ndogo, ili unga ulio kwenye kizibo ushuke chini. Unga wa peptidi una umeme tuli. Hurukia kizibo, glavu, hata hewani. Ukifungua bila kuzungusha, unaweza kuacha robo ya kilichomo kwenye kizibo bila kujua.

Wala usijaribu kupima 0.3 mg kutoka kwenye kichupa cha 1 mg. Mizani ya kawaida ya maabara haiwezi kukupa namba ya kuaminika hapo. Yeyusha kichupa chote, gawa myeyusho.

Hatua ya 6: Weka kiyeyushi

Weka nusu ya ujazo kwanza, ukiteremsha maji kwenye ukuta wa kichupa, ukizungusha kichupa ili kuosha kila upande. Funga, geuza taratibu, acha dakika tano hadi kumi. Voteksi ya sekunde chache inatosha. Povu likianza kujaa, umezidisha. Ongeza nusu iliyobaki, changanya, zungusha tena kidogo.

Ukilazimika kuanza na asidi, asidi hiyo ni sehemu ya ujazo wote, si nyongeza. Kwa mfano wetu wa µL 880: weka µL 88 za asidi asetiki ya 10%, yeyusha mpaka kuwe wazi, kisha ongeza µL 792 za maji. Jumla ni 880, na asidi imebaki 1%. Aliyeweka 88 kisha akaongeza 880 ana 968, na akiba yake ni 0.91 mg/mL. Kosa hili nimeliona kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza na kwa wenye shahada za juu, halichagui.

Tazama dhidi ya mwanga. Myeyusho mzuri ni maji matupu kwa macho. Ukungu, nyuzi nyuzi au chembe maana yake haijayeyuka, na kila hesabu inayofuata ni ya kubahatisha.

Hatua ya 7: Gawa, andika, gandisha

Gawa katika tyubu ndogo zenye kiasi cha matumizi ya siku moja. µL 880 ukigawa kwa 50 zinatoka tyubu 17 na µL 30 za kujaribia siku hiyo hiyo. Usiiweke yote kwenye tyubu moja na kuiyeyusha kila Jumatatu. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huvunja na kugandamanisha peptidi.

Kwenye lebo: jina, shehena, ukolezi pamoja na kipimo chake, kiyeyushi, tarehe, herufi za jina lako. "NANP 1" si lebo. Moja nini? mg/mL? mM? Kwa peptidi hii 1 mM ni mara 2.4 ya 1 mg/mL. Mwenzako atakayeikuta baada ya wewe kurudi chuoni hatakuwa na wa kumuuliza.

Hifadhi kwenye −20 au −80. Epuka friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe, kwa maana hupasha joto kila mara ili barafu isishike. Na kwa kuwa stima hupotea, weka tyubu ndani ya boksi katikati ya friza, zungushia vipande vya barafu ya jeli, wala usifungue mlango "kuangalia kama bado ziko sawa".

Hatua ya 8: Zimua kwa ajili ya jaribio

Fomula ni moja:

ukolezi wa kwanza × ujazo wa kwanza = ukolezi wa mwisho × ujazo wa mwisho

Ujazo wa mwisho ni jumla ya vyote, si kile unachoongeza.

Mfano: sahani ya ELISA ya visima 96, µL 100 kila kisima, ukolezi wa 1 µg/mL. Visima 96 × 100 ni µL 9600. Tengeneza mL 11, kwa sababu pipeti ya njia nyingi huacha mabaki kwenye bakuli lake. Akiba ni 1 mg/mL, yaani 1000 µg/mL.

ujazo wa kwanza = 1 × 11 ÷ 1000 = 0.011 mL = µL 11.

Chukua µL 11 za akiba, ongeza bafa hadi mL 11. P20 inaiweza hiyo bila shida.

Sasa tuseme unataka mL 1 tu ya kujaribia. Fomula inakuambia uchukue µL 1. Usifanye. Tone dogo hivyo likibaki nje ya ncha, umepoteza au umeongeza sehemu kubwa ya peptidi. Zimua kwa ngazi: µL 10 za akiba + µL 990 za bafa ni 10 µg/mL. Kisha µL 100 za hiyo + µL 900 ni 1 µg/mL. Badilisha ncha kila ngazi na uchanganye vizuri kabla ya kwenda ngazi inayofuata.

Na ukikuta itifaki imeandikwa 1:10, uliza. Kuna wanaomaanisha sehemu moja ndani ya kumi (1 + 9), na wapo wanaomaanisha moja kwa kumi (1 + 10). Tofauti ni asilimia tisa. Kwenye daftari lako andika "µL 100 + µL 900", hakuna atakayebishana nawe.

Ukiwa na peptidi nyingi kwenye mchanganyiko mmoja

Wanaofanya ELISpot (kipimo cha kuhesabu seli za kinga zinazoitikia) na seli za T hutumia mchanganyiko wa peptidi fupi nyingi, kila moja ikiwa kwenye DMSO. Hapa hesabu inayouma ni ya DMSO.

Chukua peptidi 20, kila moja 10 mg/mL. Ukichanganya µL 5 za kila moja unapata µL 100, na kila peptidi sasa imezimuliwa mara 20: 0.5 mg/mL, yaani 500 µg/mL. Unataka kila peptidi iwe 2 µg/mL kwenye seli. 500 ÷ 2 = mara 250. DMSO itakuwa 100% ÷ 250 = 0.4%. Seli nyingi zitavumilia.

Ongeza peptidi ziwe 50. Kila moja sasa ni 200 µg/mL. 200 ÷ 2 = mara 100 tu, na DMSO ni 1%. Hapo seli zinaanza kununa, na utadhani peptidi ndiyo yenye sumu. Dawa ni kuyeyusha akiba zikiwa kali zaidi tangu mwanzo: zikiwa 40 mg/mL, mchanganyiko wa 50 unakuwa 800 µg/mL, unazimua mara 400, DMSO inabaki 0.25%. Kwa hiyo piga hesabu ya mwisho kabla ya kuyeyusha kichupa cha kwanza. Na visima vya udhibiti vipewe DMSO ya kiwango kile kile bila peptidi, la sivyo huna cha kulinganisha.

Mambo yakienda kombo

*Unga haujayeyuka.* Usiongeze maji zaidi kwanza. Weka kwenye bafu ya mawimbi ya sauti kwa vipindi vifupi, ukipoza kwenye barafu katikati. Ikikataa, badilisha pH kwa kufuata chaji uliyohesabu katika Hatua ya 4. Ikikataa tena, igandishe na uikaushe upya ikiwa una mashine, ndipo uanze na DMSO. Ukianza na DMSO ikakataa hakuna njia rahisi ya kurudi, kwa kuwa DMSO haikaushiki upesi. Ndiyo maana, kwa peptidi isiyo ya lile kundi linalochukia maji, DMSO huja mwisho.

*Ilikuwa wazi kwenye DMSO, imekuwa maziwa nilipoweka bafa.* Umezimua haraka mno au ukolezi wa mwisho uko juu ya uwezo wa peptidi. Mimina peptidi ndani ya bafa tone kwa tone huku ukichanganya, usimimine bafa juu ya peptidi.

*Nimepima kwa mwanga wa 280 nm, mashine inasema sifuri.* Tazama mfuatano. Mwanga huo unaonwa na triptofani na tairosini, na (NANP)6 haina hata moja. Mashine haina kosa. Pima kwa 205 nm: kwa peptidi hii, 1 mg/mL kwa njia ya sentimita moja ni karibu 30, kwa hiyo zimua mara 50 hadi 0.02 mg/mL utarajie karibu 0.6. Tumia kiyeyushi kile kile kama sifuri ya mashine, na usijaribu ikiwa kuna DMSO au asidi asetiki, kwa kuwa zenyewe hunyonya mwanga huo. Ukihitaji namba ya uhakika wa kuchapisha, ni uchambuzi wa asidi amino, hakuna njia ya mkato.

*Mizunguko ya kuzimua inatoa matokeo dhaifu kuliko hesabu.* Mara nyingi peptidi imenasa kwenye plastiki. Hutokea hasa kwenye miyeyusho dhaifu sana iliyokaa usiku kucha. Tumia tyubu zisizonasa, zimua siku hiyo hiyo, na kama jaribio linaruhusu weka albumini ya ng'ombe kidogo kwenye bafa. Kwa kupaka sahani ya ELISA usiiweke, kwa kuwa albumini itawania nafasi na peptidi.

*Mwenzangu amepata ujazo tofauti na wangu kwa kichupa kile kile.* Mwulize maswali matatu kabla ya kubishana: alitumia uzito wa lebo au uzito halisi? Uzito wa molekuli wenye chumvi au usio nayo? mg/mL au mM? Jibu karibu kila mara limo humo.

*Stima ilipotea usiku, tyubu nimezikuta zimeyeyuka.* Zikiwa bado baridi, andika tarehe kwenye lebo kwamba zimeyeyuka mara moja na uzirudishe. Zikiwa za joto la chumba, na peptidi ina sisteini, methionini au asparajini nyingi, usizitumie kwa data. Zibakize za kufundishia wageni kushika pipeti, na ufungue kichupa kipya kuanzia Hatua ya 1, kwa cheti chake chenyewe.